Mrejesho: vichakataji pepe vyote sasa vinaamka

Niliuliza kwa nini mashine pepe (kompyuta inayoigwa na programu) niliyoipa vichakataji vinne vya aina ya x86 inawaka na kimoja tu, huku kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ikilalamika kwamba vingine havijibu. Asanteni sana, tatizo limepatikana. Kichakataji cha kwanza huviamsha vingine kwa kutuma INIT (ishara ya kujiweka upya), kisha SIPI (ishara ya kuanza kazi) yenye namba ya ukurasa wa kumbukumbu wa kuanzia. Namba huzidishwa kwa 4096, hivyo 0x08 ni anwani 0x8000. Emuleta (programu inayoiga kompyuta hiyo) ilipokea SIPI na kuandika sawasawa rejista, yaani hifadhi ndogo za kichakataji zinazoshika anwani ya kuanzia, ila haikuuamsha uzi (thread) unaoendesha kichakataji hicho, uliokuwa umelala. Nimeongeza wito wa kuuamsha, tena baada ya kuandika rejista, si kabla, maana uzi ungeweza kuanzia anwani ya zamani. Vinne vyote vinaonekana! Kuwasha upya bado sijakujaribu.