Tathmini ya Juni inanivunjia watu moyo

Mpakani: Habari zenu ndugu. Nasimamia vijana wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kila Juni, mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa, makao makuu Kampala hutuletea fomu: mpe kila mtu alama, 1 hadi 5. Safari hii kijana wangu hodari kuliko wote kapewa 3, eti kuna lori lililala mpakani Aprili kwa sababu uzito ulikosewa kwenye hati. Usiku wote aliokesha na madereva hauko popote kwenye fomu. Sasa anaingia saa mbili, anatoka saa kumi na moja, simu ya usiku hapokei. Mshahara siwezi kuongeza. Nifanyeje?

Mama Hoteli, Jinja: Pole kaka. Ila anayefuata saa za mkataba kakosa nini? Mlizoea msaada wa bure. Mimi Ijumaa, wageni wakiwa wachache, hukaa na mhudumu mmoja mmoja kwa chai na daftari: nini kimeenda vizuri, nini kimekwama, nikuondolee kero gani? Hilo la mwisho ndilo huwafungua midomo. Wasichana wa vyumba walisema pasi ni moja, wanaigombania. Nikanunua ya pili, na wageni wakaacha kulalamika kwamba vyumba vinachelewa.

Afisa Utumishi: Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walijumlisha tafiti nyingi wakakuta zaidi ya theluthi moja ya maoni wanayopewa watu juu ya kazi yao hushusha utendaji, hasa yakigusa nafsi ya mtu badala ya kazi. Kampuni ya programu za kompyuta ya Adobe, mwaka 2012, iliacha tathmini ya kila mwaka, ikaweka mazungumzo ya mara kwa mara. Kwako, hiyo 3 irudi mezani: andikia Kampala, ambatisha orodha ya hati alizopitisha mwaka mzima. Na lengo libadilishwe. "Lori lisilale" haliko mikononi mwake, mtandao wa forodha ukizima atafanya nini? Mpime kwa hati kupita mara ya kwanza bila kurudishwa.

Mpakani: Barua naiandika leo, na kijana nitamwonyesha kabla haijaondoka. Dada, hilo la msaada wa bure limenichoma, lakini sawa. Ijumaa hapa foleni ya malori haina mwisho. Jumatatu asubuhi itafaa?

Mama Hoteli, Jinja: Siku yoyote, mradi usiahirishe. Na chai ulipe wewe.