Kikundi cha familia: Mwanaidi ahame au abaki?

Jumapili, saa tatu usiku, Tanga

Mwanaidi: Asalaam aleikum. Babu shikamoo, Shangazi shikamoo, Mama shikamoo, Baba Mdogo shikamoo. Huku Berkeley, Marekani, ni saa tano asubuhi. Nina jambo ninaloliombea ushauri, na nimeona niliandike lote kwa pamoja lisije likawafikia vipande vipande. Mkataba wangu wa kukaa International House, nyumba ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali, unakwisha mwezi wa Mei, nami natakiwa niseme mapema kama nitarudi Agosti. Wenzangu wawili, binti wa Bukavu na yule dada wa Muscat ambaye bibi yake aliondoka Unguja mwaka 1964, wamepata fleti ya vyumba vitatu karibu na chuo na wananiomba niwe wa tatu. Tutajipikia wenyewe, tutazungumza Kiswahili kuanzia asubuhi hadi usiku, na kodi ikigawanywa kwa watatu inakuwa chini ya ninacholipa sasa kwa chumba na chakula.

Baba Mdogo Rashidi: Waaleikum salaam, marahaba. Kwa upande wa fedha sina pingamizi, ila kodi si gharama yote. Nitumie hesabu yenye umeme, maji, intaneti, nauli, gesi ya kupikia na vyombo, kwa sababu fleti tupu haina hata kijiko.

Mama: Marahaba mwanangu. Mimi nashangaa kidogo. Wiki za mwanzo ulikuwa ukinipigia simu ukilia kwamba nyumba ina watu mia sita na huna hata mmoja wa kumwambia umeamkaje, kisha kufikia Desemba ukawa hupatikani kwa sababu kila jioni uko mezani na watu wa nchi ambazo mimi sijui ziko upande gani. Je, umegombana na yule mwenzako wa chumbani?

Mwanaidi: Hapana, Mama, na yule sasa ni rafiki yangu. Ugomvi wetu ulikuwa mwaka jana nao ulihusu mambo mawili tu. La kwanza ni saa yangu ya alfajiri, iliyokuwa ikimwamsha kila siku naye akinyamaza kwa adabu hadi siku moja uvumilivu ukamwishia, tukakubaliana simu itetemeke chini ya mto bila kulia. La pili ni visheti vya Shangazi. Alinikuta nakula, nikamwambia karibu, kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote aliyenikuta nakula, nikitarajia aniambie ahsante, nimeshiba. Yeye ni Mmarekani wa Nebraska. Aliketi, akavuta mkebe, akala hadi tukaanza kuona chini.

Shangazi Zuhura: Visheti ambavyo nilivikaanga hadi saa sita usiku, nikamsumbua mgeni wa watu avibebe kwenye begi lake!

Mwanaidi: Nilinuna siku mbili, Shangazi, naye hakujua kosa lake. Nilipomweleza alicheka, kisha akaniuliza swali lililonikwamisha: kama hukutaka nile, kwa nini ulinikaribisha? Nimezaliwa na kukulia katika neno hilo na sikuwa na jibu la kumridhisha. Lakini hilo silo linaloniondoa. Nimechoka, Babu. Kila mlo unaanza kwa mimi kueleza Tanzania iko wapi. Ukifika usiku wa tamaduni nasimama na kanga yangu, na mtu ananiuliza habari za Senegali kana kwamba ni mtaa wa jirani. Zipo siku natamani nile chakula changu bila kuwa balozi wa bara zima.

Mama: Na hiyo meza mnayokaa ninyi watatu je?

Mwanaidi: Ndiyo ninayotoroshea uchovu. Tulikutana mwezi wa Oktoba, pale yule wa Bukavu aliposema kwenye simu «niko nakuya», nikageuka. Yule wa Muscat anasema Kiswahili cha bibi yake, chenye maneno ambayo mimi nimeyasikia kwa wazee wa Pangani tu. Tunabishana nani anakosea. Siku hizi wengine wameshaizoea ile pembe kuwa yetu, hawaji kuketi.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Nilikuwa nasoma nikingoja wote mseme. Kabla sijatoa maoni, waeleze wenzetu hadithi ya nyumba hiyo uliyonisimulia mimi, maana nadhani Rashidi anaifikiria kama bweni la kawaida.

Mwanaidi: Baba Mdogo, ilianza na mtu aitwaye Harry Edmonds, mwaka 1909 huko New York. Alipishana na mwanafunzi Mchina kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia, akamwamkia, na yule kijana akamshukuru akisema yuko mjini wiki tatu na hakuna aliyewahi kumsemesha. Edmonds na mkewe wakaanza kuwaalika wanafunzi wa kigeni nyumbani kwao kwa chakula cha Jumapili, wageni wakazidi nafasi, na kwa fedha za John D. Rockefeller mdogo nyumba ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1924. Yetu ya Berkeley ilifuata mwaka 1930, na ya Chicago mwaka 1932. Hapa Edmonds aliuchagua kwa makusudi mtaa wa Piedmont, ambao ulikuwa umejaa nyumba za vyama vya wanafunzi zisizopokea wageni wala watu wasio weupe. Wenye nyumba za kupangisha waliogopa kwamba mji utajaa watu wa rangi nyingine, na wengine hawakutaka kusikia habari za wanaume na wanawake kuishi chini ya paa moja. Watu zaidi ya 800 walikusanyika kuipinga, na miongoni mwa waliosimama kuitetea alikuwa mwandishi mweusi, Delilah Beasley, aliyekuwa na safu yake katika gazeti la Oakland Tribune.

Baba Mdogo Rashidi: Hilo sikulijua. Hata hivyo hesabu naitaka.

Babu: Hesabu utaipata. Mimi nilifika Mlimani mwaka 1968, wakati bado kuna Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki: udaktari ulianzia Makerere, uhandisi ulisomwa Nairobi, na sheria kwetu Dar es Salaam. Kwa hiyo Mkenya au Mganda aliyetaka kuwa wakili hakuwa na hiari, ilimbidi aje kwetu. Nilipangiwa chumba kimoja na kijana wa Kisii. Muhula mzima wa kwanza nililala naye chumba kimoja bila kumjua, kwa sababu kila nikiingia ukumbi wa chakula nilikwenda kwenye meza ya watu wa Tanga, ambako tulizungumza habari za Tanga, tukawacheka Waganda kwa kulilia matoke na Wakenya kwa kutembea haraka. Chuo kilituchanganya vyumbani, nasi tukajitenga mezani. Muhula wa pili niliugua malaria, na wa Tanga walikuja kunipa pole wakaenda zao darasani, yule Mkisii akaninakilia mihadhara ya wiki mbili kwa mkono wake. Mwaka 1970 chuo kile kiligawanywa vitatu, mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na hatukuonana hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Baba yako alipooa, ndiye mzee aliyekaa kulia kwangu.

Mama: Kumbe ni yule mzee aliyeleta chungu cha mawe ya sabuni! Miaka yote hii nilidhani ni mtu wa kazini kwako.

Shangazi Zuhura: Baba, hadithi yako ni nzuri, lakini wewe ulikuwa nyumbani. Ulikuwa Dar es Salaam, unasikia lugha yako, unakula wali wako, na mgeni alikuwa yule Mkisii. Mwanaidi ndiye mgeni huko. Mimi nilikaa Uarabuni miaka minne, najua uzito wa kuamka kila siku ukiwa wewe ndiye wa kuelezwa au wa kueleza. Ukipata wawili wa kukwambia pole kwa lugha yako, huwezi kulaumiwa ukiwashika.

Babu: Umesema kweli, Zuhura, na sikuwa nimelipima upande huo. Simlaumu, wala simwamuru abaki. Swali langu kwake ni dogo: hao wawili, mmoja wa Bukavu na mmoja wa Muscat, angewapata wapi kama siku ile ya Oktoba alikuwa amejifungia kwenye fleti na watu wa Tanga?

Mwanaidi: Nisingewapata, Babu. Na hata yule wa Nebraska, ambaye mwezi wa Ramadhani ndiye aliyenigutua siku simu ilipozima, akaniambia muda wa daku unakwisha, huku yeye mwenyewe akirudi kulala. Lakini maneno ya Shangazi nayo yamenigusa mahali pake. Naomba wiki moja. Nitawauliza wenzangu kama wanaweza kuningoja hadi Januari, na nitauliza hapa kama naweza kusaini mkataba wa muhula mmoja badala ya mwaka. Nikibaki, nitahama kwenye ile pembe kwa chakula cha mchana na kuirudia usiku.

Baba Mdogo Rashidi: Basi nipe hesabu mbili, ya kubaki na ya kuhama, zote za miezi minne, kabla ya Ijumaa.

Mama: Na ulale mapema. Sauti yako jana ilikuwa ya mafua.

Shangazi Zuhura: Mimi nataka kujua moja tu. Kuna kijana anasafiri mwezi wa Agosti. Nikaange mkebe mmoja au miwili, na huyo wa Nebraska anapenda vyenye shira nyingi au kidogo?

Mwanaidi: Miwili, Shangazi. Shira nyingi.