Tumeletewa barua ya ukaguzi wa kodi, kampuni ya hadwea Masasi. Hawa wakaguzi ni akina nani na wanaangalia nini?

BatiNaNondo
Habari za jioni wadau, naombeni msaada maana nyumbani hapakaliki. Tuna kampuni ya familia hapa Masasi, tunauza bati, saruji, nondo na rangi, msimu wa korosho ukifika fuso letu moja linabeba magunia kutoka kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwenda maghala makuu. Jumatatu imekuja barua ya TRA kwamba watatufanyia ukaguzi wa kodi wa miaka mitatu, 2022, 2023 na 2024, wanataka stetimenti za akaunti zote za benki, ledja, risiti za manunuzi, mkataba wa pango la godauni, orodha ya mishahara na ripoti za mashine ya risiti ya EFD, na tumepewa siku 14 tuwe tumeandaa.

Kinachonichanganya ni hivi, kila mwaka tunamlipa mkaguzi, CPA kabisa (mhasibu aliyethibitishwa) mwenye mhuri wake, anakagua hesabu ndo tunapeleka ritani, yaani ile fomu ya taarifa ya kodi. Sasa kama tumeshakaguliwa tunakaguliwa nini tena? Mama ndo mkurugenzi, hajalala siku mbili, anasema kuna mtu katuchongea. Mwingine sokoni kamwambia hao wanatoka kwa CAG. Mwenye uelewa anieleweshe taratibu, mi nimesoma ufundi sio uhasibu.

Mikindani_Pwani
Pole sana kaka. CAG hapana, mtulize mama. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anakagua hesabu za serikali, yaani wizara, halmashauri, mashirika ya umma, hata hiyo TRA yenyewe anaikagua yeye. Hadwea ya mtu binafsi sio kazi yake. Na wale wa halmashauri wanaokuja kuulizia ushuru wa huduma nao ni kitu kingine, msije mkachanganya mafaili.

DadaLedja
Kaka BatiNaNondo shikamoo mpe mama, mwambie alale. Mi ni mhasibu hapa Mtwara mjini, nimekaa upande wa mteja kwenye kaguzi kadhaa za namna hii, ngoja nikuandikie ninavyojua.

Mkaguzi wenu wa CPA kasajiliwa na NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi, kazi yake ni kutoa maoni kama hesabu mlizotengeneza zinaonesha hali halisi ya kampuni. Anaangalia kwa sampuli, na anawaandikia nyie wenye kampuni. Afisa wa TRA anakuja na swali jingine kabisa, kwamba hii kodi mliyojikadiria wenyewe ndo sahihi? Maana kodi ya kampuni Tanzania mnajikadiria, mnaanza na makadirio, mnalipa kwa awamu nne, mwaka ukiisha mna miezi sita ya kupeleka ritani kamili. Mnaaminiwa kwanza, kuhakikiwa kunakuja baadae. Kwahiyo mhuri wa CPA hauwazuii TRA kuja, na wao kuja haina maana CPA wenu alikosea.

Kuchongewa kunawezekana lakini si lazima. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 imetaja vigezo vya kuchagua wa kumkagua, historia yako ya kutii sheria, kiasi cha kodi unachotakiwa kulipa, aina ya biashara, na jambo lingine ambalo Kamishna ataona linahusika. Siku hizi taarifa zenyewe zinakuchongea. Mashine ya EFD inatuma mauzo kila siku. Ukimuuzia saruji mtu aliyesajiliwa VAT akadai marejesho kwa risiti yako, mauzo yako yanaonekana kwake. Zikikaa pamoja na ritani yako zikapishana, unaitwa.

Wanaokuja ni maafisa wa ofisi ya mkoa, wanakuwa na vitambulisho na barua, na mna haki ya kuomba mvione. Mkiwa na wasiwasi na barua nendeni nayo ofisini mkaulize kabla hamjatoa karatasi hata moja. Kuna ukaguzi unaofanyika mezani kwao mnapeleka makaratasi tu, na kuna wa kuja dukani, wanaangalia stoo, wanauliza godauni lina mifuko mingapi, wanalinganisha na manunuzi. Mwanzo mnakaa kikao wanaeleza wanaangalia kodi gani na miaka gani. Kisha wanachambua, wanawaandikia hoja za awali, mnajibu. HAPO NDO PA KUKOMAA. Wengi wanapigia mahesabu kelele kwa mdomo kikaoni halafu hawaandiki kitu, mwisho wa siku faili linabaki na maneno ya upande mmoja.

KorongoMtama
Nakazia alichosema dada. Mi niko Mtama, nilikaguliwa na kilichonitoa jasho ni vitu vidogo sivyo nilivyokua naogopa. Mfano pango. Nilikua nalipa godauni 1,500,000 kwa mwezi kwa mwenye nyumba, hela yote namkabidhi, kumbe nilitakiwa nikate asilimia 10 ambayo ni 150,000 nipeleke TRA yeye nimpe 1,350,000 na cheti cha zuio (kuonesha kodi niliyomkata), miezi 36 hiyo piga mwenyewe hesabu, ni 5,400,000 na riba juu, na mwenye nyumba nikimfata anasema yeye hela yake alishakula. Mhasibu niliyekua namlipa kipindi kile hakuwahi kuniambia.

La pili risiti. Zile karatasi za EFD zinafutika jamani! Nilifungua boksi langu la mwaka wa kwanza, nimelihifadhi juu ya kabati chini ya bati, joto la huku mnalijua, karatasi zimekua nyeupe pe, nyingine zina kivuli tu cha jina la duka, nakumbuka niliinua moja ya nondo dirishani kwenye mwanga nikaweza kusoma tarehe lakini kiasi hakuna. Manunuzi ya milioni kadhaa nikawa siwezi kuyatetea, ikabidi nizunguke kwa wauzaji kuomba nakala. Sheria inataka utunze kumbukumbu miaka mitano. Siku hizi nikinunua tu natoa fotokopi palepale na napiga picha, anzeni leo hata kwa hizo mlizonazo.

BatiNaNondo
Asanteni sana, nimemsomea mama yote. Sasa dada DadaLedja kuna kitu kinanitisha, nimejumlisha hela zilizoingia benki 2023 ni milioni 520 na ritani yetu ya mauzo ni milioni 410. Si watasema tumeficha milioni 110?

DadaLedja
Watauliza, na wana haki ya kuuliza. Lakini hela kuingia benki sio lazima iwe mauzo. Kaa na hiyo stetimenti mstari kwa mstari na kalamu ya rangi. Mkopo upo? Hela ya ndugu? Hela iliyotoka akaunti hii ikaingia nyingine? Hela ya mteja iliyorudishwa?

BatiNaNondo
Mkopo upo wa milioni 60. Mama aliuza shamba la mikorosho kule kwao Newala akaweka milioni 25. Na kuna milioni 15 tulimlipa muuzaji wa saruji mzigo ukakosekana akarudisha.

DadaLedja
Basi umeshaeleza milioni 100, na kila moja iwe na karatasi, barua ya mkopo ya benki, mkataba wa kuuza shamba, na maandishi ya huyo muuzaji wa saruji. Zimebaki 10. Hizo zitafute kwa nguvu zote, na ukikuta kweli ni mauzo yaliyosahaulika yaseme mapema, usisubiri wakuvumbulie. Angalieni pia hesabu ya wafanyakazi, mkiwa kumi au zaidi kuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na mwajiri, msimu mnachukua vibarua wa kupakia, watawauliza wako wangapi.

Na la muda. Wakishamaliza watatoa makadirio, kama hamkubaliani mna siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, siku zinahesabiwa toka mlipopokea, kwahiyo andikeni tarehe kwenye bahasha. Ili pingamizi lipokelewe mnalipa kwanza ile kodi msiyoibishia au theluthi moja ya makadirio, kinachotazamwa ni kilicho kikubwa. Makadirio yakiwa milioni 60 na nyie mnakubali 12, mtalipa 20. Mkishindwa kabisa mnaweza kumuomba apunguze au asamehe hiyo amana, ila mtoe sababu za kueleweka. Uamuzi wake usipowaridhisha mnaenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, mwisho Mahakama ya Rufani. Kuna pia Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi kama tatizo ni namna mlivyohudumiwa.

Mikindani_Pwani
Dada wakitaka kuchukua mafaili na kompyuta je? Maana duka zima liko kwenye laptopu moja.

DadaLedja
Sheria inawapa nguvu ya kuchukua nyaraka. Mkikabidhi chochote muandike orodha, faili la nini, la mwaka gani, kurasa ngapi, wasaini wao na nyie. Laptopu ihamishieni data kwenye flashi leo. Na mtu wa kujibu maswali awe mmoja tu, sio dogo wa dukani anajibu hivi, mama anajibu vile.

BatiNaNondo
Nitajibu mimi. Leo usiku natoa maboksi juu ya dari, naona la 2022 limeloa pembeni, kesho asubuhi naenda kwa CPA wetu na stetimenti, mchana nampitia muuzaji wa saruji aniandikie hiyo milioni 15. Mama kaanza kutafuta mkataba wa shamba kwenye sanduku lake la kanga.

KorongoMtama
Huo mkataba kama una mhuri wa kijiji toa nakala tatu. Halafu zile za 2022 zilizoloa usizianike juani, zitandaze ndani kivulini, jua linamalizia maandishi.