Ushauri: Injini ya pikipiki ikitunzwa vizuri inakaa muda gani?

Mtoto wa Gungu: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Niko Gungu, Kigoma mjini. Nauziwa pikipiki ya cc 125 kwa milioni moja na laki mbili. Ina miaka minne, mita inasoma kilomita 38,000, mwenyewe anasema injini haijawahi kufunguliwa. Nataka nipelekee mizigo Mwandiga, nikijaliwa hadi Kasulu. Injini iliyotunzwa inadumu muda gani? Msinijibu "inategemea", hiyo naijua.

Chuma Chakavu: Inategemea.

Mzee wa Reli: Kijana, pikipiki zilikuwa zamani. Babu yangu alibebea chumvi kutoka Uvinza kwa Honda 50. Zile Super Cub zilianza kutengenezwa mwaka 1958, na ilipofika 2017 zilishatoka milioni 100. Jioni aliifuta vumbi kwa khanga ya bibi, bibi akanuna wiki nzima.

Fundi Mwanga: Mtoto wa Gungu, hiyo miaka minne ilikuwa inafanya kazi gani?

Mtoto wa Gungu: Ya kutembelea tu.

Fundi Mwanga: Angalia raba anazokanyagia abiria. Zimelika?

Mtoto wa Gungu: Zimelika. Sawa, ilikuwa bodaboda, ila ya mtu mmoja, mstaarabu, hanywi.

Fundi Mwanga: Basi piga hesabu. Kilomita 100 kwa siku, siku 340, hizo ni 34,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 136,000. Mita nyingi za mshale zina tarakimu tano, zikipita 99,999 zinarudi sifuri. Hiyo 38,000 yako imeshazunguka.
Siyo kwamba imekufa. Nimeshika injini zilizopita laki moja hazijafunguliwa, na nimeshika iliyokufa na elfu kumi na tano kwa sababu tajiri alibania oili. Hizi injini zinabeba oili kama lita moja tu, na hiyo hiyo inalainisha pistoni, gia na klachi. Ikipungua hakuna akiba. Halafu vumbi: chujio la hewa likitoboka, kiangazi kimoja cha barabara ya vumbi kinasaga ringi za pistoni na silinda kama msasa.
Nenda alfajiri bila kumpigia simu. Shika injini, iwe ya baridi. Iwashe, simama nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka kidogo ukakata, shuku sili za valvu, vile viraba vya kuzuia oili. Ukiendelea kila ukivuta mafuta, shuku ringi. Ukikuta ameshaipasha, rudi nyumbani.

Mama Migebuka: Mume wangu aliuza mashine ya kukoboa akanunua pikipiki. Siku hizi anaisukuma kuliko anavyoipanda. Kaka, nunua vifaranga.

Chuma Chakavu: Vifaranga havipandi mlima wa Manyovu.

Mama Migebuka: Na pikipiki haitagi. Umeshatoa hela wewe?

Mtoto wa Gungu: Hilo linahusiana vipi na injini?

Mama Migebuka: Ameshatoa.

Mtoto wa Gungu: Nimetanguliza laki saba. Ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hawezi kunidanganya. Hela ni ya kikoba cha mke wangu. Pikipiki anaijua, kiasi ndiyo sijamwambia. Na nikirudi nyuma sasa hivi ukweni nitaonekanaje?

Nusu Shilingi: Ngojeni kwanza. Uzi huu niliusoma Pasaka. Muuzaji alikuwa mjomba, pikipiki iko Kahama, kishika uchumba laki tano. Huyu ni mtunzi, jamani.

Chuma Chakavu: Nilishtuka pale kwenye bodaboda asiyekunywa.

Mzee wa Reli: Yaani nimemtoa babu yangu kaburini kwa ajili ya hadithi ya kutunga?

Nusu Shilingi: Mtunzi, jibu.

Mtoto wa Gungu: Ile ya Kahama ni kweli. Mjomba hakuwa mjomba wangu, alikuwa anaitwa hivyo kijiweni. Zile laki tano hazikurudi. Ndiyo maana safari hii nimenunua kwa ndugu.

Fundi Mwanga: Pole, mdogo wangu. Alfajiri nenda.

Mtoto wa Gungu: Nimetoka huko sasa hivi. Injini ilikuwa ya baridi kweli. Imewaka kiki ya kwanza. Moshi upo, wa bluu kwa mbali, umekaakaa kidogo, nadhani ni baridi ya asubuhi.

Fundi Mwanga: Baridi? Gungu?