Kutundika Tingatinga, chapa na kanga kwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe, pamoja na warsha za watoto

kumbi_mbili:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunaandaa maonyesho ya wiki sita kwenye nyumba ya zamani ya mawe, Mji Mkongwe, Unguja. Tuna vyumba viwili virefu vya juu na ua chini. Kazi zilizopo ni picha 14 za Tingatinga kwenye hadibodi, kila moja sm 60 × 60, chapa 9 za mbao kwenye karatasi (picha zilizochapwa kwa ubao wa kuchonga, bado hazina fremu) na kanga 6, mbili kati yake kuukuu. Msumari wa majaribio ulitoka na donge la chokaa ukubwa wa ngumi. Kiyoyozi kipo, huzimwa usiku. Kila Jumamosi tunataka kupokea watoto 30 wa miaka 8 hadi 12. Tuanzie wapi?

seremala_wa_pwani:
Wa alaykum salaam. Ukuta uacheni. Plasta ya chokaa ni laini, na nyuma yake kuna vipande vya mawe ya matumbawe vyenye mapengo kati yake, kwa hiyo msumari haupati pa kushika. Drili ya kugonga ni mbaya zaidi, huvunja jiwe lenyewe. Msije mkaziba matundu kwa saruji: saruji hufungia unyevu ndani, chumvi husukuma plasta, na baada ya miezi kadhaa kipande kizima hubanduka. Tena huo ni mji wa urithi wa dunia tangu 2000, kutoboa kuta bila idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe ni kujitafutia kesi. Boriti za dari nazo msizitoboe.

Tengenezeni kuta zenu za kusimama. Nunueni plaiwudi 10 za mm 18 (sm 122 × 244) na muziunge mbilimbili kwa bawaba tatu ili zisimame kwa umbo la L. Hizo ni seti 5 zenye nyuso 20. Tingatinga 14 zichukue nyuso 14, chapa ziwe mbilimbili kwenye nyuso 5, uso wa mwisho ubebe maelezo ya utangulizi. Kabla ya kununua pimeni ngazi. Nyingi za nyumba hizo zina kona kali, na ubao wa sm 244 haupindi. Ikibidi kateni ubaki sm 210. Ubao mzima una kilo 30 hivi, basi pembe ya L ifungwe kwa kipande cha mbao juu, na kila mguu uwekewe mfuko wa mchanga wa kilo 10. Mtoto akiegemea, seti isiyofungwa hujikunja. Njia ya watu isipungue sm 90.

Skrubu ziwe za mm 16, ndefu zaidi zitatokeza upande wa pili. Katikati ya kila picha iwe sm 150 kutoka sakafuni. Chukua 150, jumlisha nusu ya kimo cha picha, toa umbali kati ya ukingo wa juu na waya ukiwa umevutwa. Kwa picha ya sm 60 ambayo waya wake uko sm 8 chini ya ukingo: 150 + 30 − 8, ndoano iwe sm 172. Pimeni kila picha peke yake kwa sababu waya hazifungwi sawa. Sakafu za nyumba hizo huwa zimeinama, kwa hiyo mstari mzima uongozwe na pimamaji.

karatasi_na_mwanga:
Mkuu hapo juu kamaliza habari ya ukuta. Mimi naogopa zaidi hicho kiyoyozi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa 80% hutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Mkipooza chumba hadi 22 kisha mkafungua milango, vioo vya fremu vitatoa jasho. Kuwasha mchana na kuzima usiku kunaitanua na kuisinyaza hadibodi kila siku, na kwa kuwa imepakwa rangi upande mmoja tu, inapinda. Bora feni ziende mchana na usiku, kiyoyozi kipumzike. Kiwango cha makumbusho cha 40 hadi 60% hamtakifikia bila mashine ya kukausha hewa. Lengo lenu liwe kukwepa ukungu, ambao huanza unyevu ukikaa juu ya 65 hadi 70%, na hewa inayotembea huuchelewesha. Nunueni vipima unyevu viwili, kimoja kikae nyuma ya mbao.

Chapa msizibandike kwa selotepu wala gamu. Tumieni pembe za karatasi isiyo na asidi, na kati ya kioo na chapa pawe na nafasi ya mm 3 hadi 5, la sivyo wino utanasa kwenye kioo. Mwanga wa karatasi na kanga uwe luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), Tingatinga zinavumilia 200. Wiki sita mkifungua siku 36 kwa saa 8 ni saa 288. Zidisha kwa luksi 50, ni luksi-saa 14,400, na kikomo kinachoshauriwa kwa vitu vinavyochujuka haraka ni 15,000 kwa mwaka. Maana yake maonyesho haya yanamaliza mgao wa mwaka mzima wa chapa hizo. Funikeni madirisha kwa kitambaa cheupe kizito, na taa zizimwe chumba kikiwa kitupu.

Tingatinga hung'aa kwa sababu ya rangi ya mafuta, ndiyo maana taa ikikaa vibaya mtazamaji huona taa badala ya chui. Taa iliyo sm 300 kutoka sakafuni ikae sm 87 mbele ya picha, hapo inamulika katikati ya picha kwa nyuzi 30 kutoka wima. Wakati wa kuzisafirisha zisigusane uso kwa uso wala na plastiki. Rangi hiyo hulainika kwa joto na kunata. Wekeni karatasi ya kuokea katikati.

kumbi_mbili:
Shukrani sana. Kanga je? Tulifikiri kuzibana kwa vibanio vya nguo.

mwenye_doti:
Hapana ndugu yangu, vibanio huacha meno na kanga kuukuu itachanika hapohapo. Shoneni kwa mkono mkanda wa pamba wa sm 5 ukingo wa juu nyuma, mishono mikubwa, mpitishe fimbo ya mbao iliyofungwa kitambaa cha pamba. Zile mbili kuukuu msizishone. Zilazeni kwenye meza yenye mteremko kidogo. Doti isiyokatwa, yaani kanga mbili ambazo bado hazijatenganishwa, iachwe hivyo hivyo. Pindo zionekane pande zote nne, na jina, yaani msemo uliochapwa kwenye kanga, lisomeke bila kuinamisha shingo.

Kwenye kibao andikeni jina kama lilivyochapwa, hata tahajia ikiwa ya zamani. Msilisahihishe, hilo ni sehemu ya kazi. Maneno yasizidi 60, herufi za pointi 18 au zaidi, Kiswahili kitangulie.

mwalimu_wa_ua:
Kwa warsha, gawanyeni watoto makundi mawili ya 15, dakika 40 kila moja, kundi moja juu na jingine uani, kisha wabadilishane. Anzeni saa 3 asubuhi, saa 4 na nusu mmemaliza kabla ua haujawaka jua. Watu wazima wanne. Juu ni penseli tu, rangi na maji haviruhusiwi kupanda ngazi. Muulizeni mtoto anaona nini kabla ya kumweleza chochote. Ukianza na maelezo, wanasubiri jibu lako na hawatazami tena.

Uani watengeneze kanga ya karatasi yenye pindo na mji (sehemu ya katikati) kwa mihuri ya viazi. Viazi 15 vikubwa vikatwe katikati, karatasi za A3 ziwe 45, rangi ya maji chupa 3 za ml 500. Kiazi kilichokatwa kifutwe na kuachwa dakika 10, maana maji yake hufanya rangi iteleze. Rangi imwagwe kwenye sponji iliyo sahanini, watoto wagonge hapo. Wakichovya moja kwa moja hupata madoa. Jina waandike kwa kalamu nene, kwa sababu herufi za kuchonga hutoka kinyume na dakika 40 hazitoshi kulirekebisha. Kundi linalotoka uani linawe mikono kwa sabuni kabla ya kupanda.