Ati wimbo wa Utukufu "TUTAUSOMA"? Usiku wa Pasaka?!

Sauti_ya_Pili: Naandika nikiwa bado na sare ya kwaya mwilini. Sijavua na sivui mpaka niseme.

Watu wa Kisumu mnamjua. Simtaji. Yule anayenyakua maiki kabla padri hajamaliza ishara ya msalaba. Huyo huyo.

Jumamosi Kuu, saa sita mchana, ujumbe unaingia kwenye grupu: Misa ya Mkesha si saa mbili usiku tena, ni saa kumi na moja jioni, padri ana vigango viwili, yaani makanisa madogo mawili ya kusalisha. Haya, padri ni mmoja, hawezi kujikata. Lakini Mkesha wa jua kali? Liturujia inataka giza liwe limeingia kwanza, na hapa Kisumu jua linazama ikikaribia saa moja. Tumebariki moto wachoma mahindi wakitutolea macho, wanadhani tumewaingilia biashara. Nikanyamaza. Masomo 7 ya Agano la Kale yakawa 3. Inaruhusiwa, bora lile la Bahari ya Shamu lisiachwe. Nikanyamaza tena.

Sasa tumefika penyewe. Watoto wa altare wameshika kengele. Kinanda kimetoa sauti, tumeshavuta pumzi. Anasimama yeye! Anatugeukia, kiganja juu: "Kwa sababu ya muda, Utukufu tutausoma."

TUTAUSOMA.

Jumapili zote za Kwaresima hatuuimbi, tunauwekea usiku huu! Tumefanya mazoezi mpaka mbwa wa jirani anajua besi. Halafu kanisa zima linausoma kama tangazo la maji kukatika. Mtoto mmoja wa altare aligonga kengele mara moja, ting, akaifunika haraka na kiganja, anaangalia huku na huku kama atachapwa. Niliumia hapo jamani.

Na huo muda aliouokoa mnajua ulienda wapi? Matangazo yake, nusu saa! Nusu saa ya nani alipie viti, na Utukufu UMESOMWA.

Mbuyu_Nyalenda: Nilikuwepo 😂😂 Kuna mtu wa sauti ya pili alitoa "Utu—" peke yake. Ni wewe?

Sauti_ya_Pili: Si mimi tu, tulikuwa wengi! Tulikatizwa! TUTAUSOMA!

Mama_Mbili: Pole mwanangu. Lakini nyinyi mkianza Utukufu, mtu anaenda Kibuye, ananunua nyanya, anarudi hamjamaliza ubeti. Mungu anisamehe, mimi nilishukuru.

Fundi_wa_Naks: Nyinyi mna paa mnalia? Nakuru ni jiji tangu 2021 na sisi bado tunasali kwenye hema. Mvua ilikuja katikati ya ubatizo, hema likajaa maji likapasuka. Waliokuja kubatizwa walikuwa wanne, tumebatizwa wote.

Sauti_ya_Pili: Pole ndugu, lakini hema halikusimama likasema TUTAUSOMA.

Isukuti_254: Njooni Kakamega. Ijumaa Kuu, mtu ametoka kubusu msalaba, machozi bado, anawekewa bahasha ya harambee mkononi. Jina lishaandikwa. Na kiasi kishaandikwa!!

Mama_Mbili: Wueh. Na kiasi?

Isukuti_254: Na kiasi, mama. Kwa wino.

Sabato_Njema: Sisi wakati mnabadilishiwa saa tulikuwa tushamaliza ibada tunakula.

Mbuyu_Nyalenda: Hakuna aliyekuuliza.

Jikoni_Kondele: Mnaongea bahasha, kuna mtu aliuliza bei ya ngege Ijumaa Kuu? Samaki wa kiganja anauzwa bei ya mbuzi, na ziwa liko hapo naliona nikiwa dukani!

Fundi_wa_Naks: Sisi tulikula omena, na omena pia walikuwa wamepanda.

Sauti_ya_Pili: Turudi kwa mada tafadhali. Matangazo NUSU SAA.

Jikoni_Kondele: Dada, Pasaka njema, tulia. Ngege wa Dunga nao mnapata pesa ngapi?

Isukuti_254: Achana na samaki. Nauli ya kurudi Nairobi Jumatatu mmeiona? Makanga ananiambia "ni sikukuu" kama ni mimi niliyefufuka.

Mama_Mbili: Ukipata gari la bei ya kawaida niitie. Nafasi moja, mtoto nampakata.