Minofu ya samaki ya kuoka kwa shira tamu: shira ipakwe lini?

Chungu_Kipya

Wakuu, habari za jioni. Majani yameanza kupukutika, giza linaingia mapema, na nikitoka kazini sitamani saladi tena. Natamani chakula cha moto, chenye utamu kidogo, kitakachojaza nyumba harufu.

Ninachotaka ni mlo wa katikati ya wiki: minofu ya salmoni iliyopakwa shira ya asali, iokwe, iliwe na boga la kuoka. Tangu niwashe oveni hadi tukae mezani isizidi dakika 40 au 45.

Mapishi niliyosoma yanapingana. Moja linasema loweka samaki kwenye asali na soya saa nzima. Jingine linasema paka tu utie oveni. Huyu anasema nyuzi 180, yule 230. Ninachopata mimi ni shira kuteremka yote kwenye trei, kuungua huko na kutoa moshi, huku samaki akibaki amepauka juu, na ubavuni yanamtoka mafuta meupe kama maziwa ya mgando. Ladha ipo, ila ule mng'ao ninaoutafuta haupo.

Kwa hiyo naomba kujua: shira ipakwe wakati gani, oveni iwe na joto gani, na boga litangulie au viingie pamoja? Tuko watatu pamoja na mtoto wa miezi kumi aliyeanza kula vya mezani. Natanguliza shukrani.

Mwoka_Taratibu

Karibu sana, Chungu_Kipya. Naanza na mtoto, maana hilo ndilo zito kuliko yote: asali asionje kabisa mpaka atimize mwaka. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na joto la oveni ya nyumbani haliziui. Tumbo la mtu mzima linazimudu, la mtoto wa umri huo bado. Kipande chake kitenge mapema, kioke kwenye chombo chake bila shira wala chumvi, kisha kipapase chote kwa vidole kuhakikisha hakuna mwiba. Brashi ya asali isikiguse.

Sasa tuje kwenye shira. Samaki na shira havihitaji muda mmoja, na mapishi mengi yanavilazimisha viingie pamoja na vitoke pamoja. Samaki anaiva kwa joto dogo sana. Katikati ya mnofu wa salmoni pakifika nyuzi 50 na kitu, nyama tayari inaachana kwa mapande laini. Mamlaka za chakula za Marekani zinataka ifike 63, na mimi nikimpikia mtoto, mjamzito au mgonjwa nafuata hiyo bila mjadala. Shira nayo haiwezi kushika mpaka maji yake yakauke. Asali peke yake ina maji kama asilimia 17 au 18, shira ya mepo (utomvu wa mti wa mepo uliochemshwa) inakaribia 33, na ukishatia soya na siki umeongeza mengine. Mchanganyiko mwepesi hivyo ukiupaka kwenye samaki lazima uteremke. Ukifika kwenye trei unakuta chuma cha moto, unatandaa, unakauka, unaungua. Ule mdogo uliobaki juu ya samaki unapigwa na mvuke wa samaki mwenyewe, kwa hiyo haukauki. Ndiyo hiyo hali unayoieleza.

Dawa yake ni kuipika shira peke yake kwanza, juu ya jiko, kwenye sufuria ndogo. Kwa minofu minne ya gramu 150 hadi 170 kila mmoja natumia vijiko vikubwa vitatu vya asali, viwili vya sosi ya soya, kimoja cha haradali ya punje, kimoja cha siki ya tofaa, punje mbili za kitunguu saumu zilizotwangwa, na tangawizi mbichi iliyokunwa, kama kijiko cha chai. Pilipili manga kwa kupenda. Chumvi usiongeze, soya inatosha.

Weka moto wa wastani na usiondoke hapo. Mwanzoni mapovu ni madogo, yanapasuka upesi, na mvuke wake unachoma pua kwa siki. Baada ya dakika tatu au nne utaona yamebadilika: yanakuwa makubwa, yanapanda taratibu na kukaa kidogo kabla ya kupasuka. Ukali wa siki unakuwa umepungua na asali ndiyo inayonukia. Chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni mwake (subiri kipoe kidogo, shira ya moto inababua vibaya). Njia ya kidole ikibaki wazi bila kuzibika, epua. Usisubiri iwe nzito kabisa ikiwa motoni, kwa sababu ikipoa inazidi kukaza. Ikikaza kupita kiasi, kijiko cha chai cha maji kinairudisha.

Boga litangulie. Likate vipande vya sentimita mbili, lipakwe mafuta na chumvi, litandazwe bila kubanana. Kwa nyuzi 200 linataka dakika 25 hadi 30. Likishaingia ndipo upike shira na kumwandaa samaki, hakuna haja ya kukimbizana. Boga likimaliza kama dakika 15, ingiza samaki kwenye trei yake, ngozi chini, juu amepakwa mafuta kidogo tu. Muache hivyo dakika nane. Kisha mtoe, mpake shira nzito, mrudishe dakika nne au tano. Akitoka, mpake mara ya pili angali moto. Huo mpako wa pili ndio unaoleta mng'ao unaoutafuta, na mara nyingi watu wanausahau.

Kabla ya hayo yote mkaushe samaki kwa karatasi ya jikoni, juu na ubavuni, mpaka karatasi itoke kavu, maana shira haishiki juu ya samaki aliyelowa. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kumloweka kwenye asali saa nzima: ndani utamu hauingii kwa kiasi cha maana, na nje unamuacha amelowa.

Yale meupe si mafuta. Ni protini, albumini, inayokamuliwa nje nyama inapokazwa na joto. Haina madhara, lakini ikiwa nyingi ujue joto limezidi au muda umezidi. Kuipunguza, tumbukiza minofu kwenye maji ya chumvi kwa dakika kumi, kijiko kikubwa cha chumvi kwa kikombe cha maji, halafu isuuze na uikaushe vizuri. Ukifanya hivyo, soya kwenye shira ipunguze iwe kijiko kimoja na nusu. Cha mtoto kisiingie kwenye maji hayo.

Grili_Juu

Mwoka_Taratibu ameeleza vizuri, ila mimi nina njia fupi zaidi. Oveni 230, kwa kanuni ile inayojulikana kuwa ya Kanada: dakika kumi kwa kila sentimita 2.5 za unene, ukipima pale mnofu ulipo mnene zaidi. Ikibaki dakika mbili napaka shira na kuwasha grili, yaani moto wa juu wa oveni. Rangi inakuja mbele ya macho yako, pembeni panakuwa na ukoko kidogo wenye uchungu wa mbali. Bila huo uchungu mimi naona utamu unachosha baada ya matonge matatu.

Angalizo: ukiwasha grili usitandike karatasi ya kuokea, inaweza kushika moto. Tandika foili. Na trei ikae sentimita 15 hivi chini ya grili, usiisogeze karibu zaidi.

Mwoka_Taratibu

Hapo kwenye uchungu wa pembeni nakubaliana nawe kabisa, ni mzuri. Wasiwasi wangu na grili ni kwa anayetumia asali. Asali ina fruktosi nyingi, ile sukari ya matunda, na fruktosi inaanza kugeuka rangi kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari ya kawaida inasubiri mpaka 160. Kati ya kahawia nzuri na nyeusi chungu ni sekunde. Anayetaka grili naona afadhali atumie shira ya mepo, kwa sababu sukari yake karibu yote ni ile ya kawaida, inavumilia zaidi. Tena ladha yake, ule moshi-moshi wa mbali, inaelewana sana na boga na tofaa za msimu huu. Ila kwa kuwa ina maji mengi kuliko asali, ipike sufuriani dakika mbili za ziada.

Jambo jingine kuhusu unene. Mkia wa mnofu ni mwembamba, utakauka kabla katikati hapajaiva. Ukunje uingie chini ya nyama, upande wote uwe na kimo kimoja. Au mwambie muuzaji akukatie vipande vya katikati tu.

Sina_Salmoni

Nami nadandia hapohapo. Salmoni huwa sipati kila mara. Je, hii inakubali samaki mweupe, kama kodi? Na vibua? Nina wasiwasi vibua na asali havitapatana.

Mwoka_Taratibu

Vyote vinakubali, lakini si kwa shira ileile.

Kodi hana mafuta na ana maji mengi. Mnyunyizie chumvi robo saa kabla, utaona matone yanatokeza juu, yafute. Muda wake unakaribiana na wa salmoni kwa unene uleule, ila hana mafuta ya kumlinda, akizidi dakika mbili anakuwa mkavu. Kwenye shira punguza asali iwe vijiko viwili, na ukishaepua koroga kipande kidogo cha siagi. Shira nzito sana inamfunika, husikii tena kama unakula samaki.

Vibua ni kinyume chake. Vina mafuta na harufu yenye nguvu, kwa hiyo siki iwe vijiko viwili vikubwa, haradali iongezwe, asali kijiko kimoja na nusu. Vinapatana vizuri kuliko unavyodhani, mradi ukali uwe mbele na utamu nyuma. Nyama ni nyembamba, kwa hiyo dakika sita au saba bila shira, kisha mbili tatu na shira, vimekwisha. Hapo namuachia Grili_Juu, vibua na grili ni ndugu.

Kwa minofu myembamba sana, chini ya sentimita moja na nusu, usigawe muda. Paka shira iliyokolea tangu mwanzo, oveni 220, dakika saba au nane, basi.

Chungu_Kipya

Nimerudi kutoa ripoti. Jana jioni nimefanya kama Mwoka_Taratibu alivyosema, kwa asali, bila grili. Shira imekaa juu ya samaki! Trei ilikuwa na matone tu pembeni. Yale meupe yalitoka kidogo sana, na mpako wa pili ukayaficha. Kwenye boga nilichanganya vipande vya tofaa zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, vikalainika bila kuvurugika. Mtoto amekula kipande chake na boga lililopondwa, akataka tena.

Maswali mawili ya mwisho. Shira ilibaki kama vijiko viwili, naweza kuitunza? Na mnofu mmoja umebaki, naupashaje bila kuukausha?

Mwoka_Taratibu

Umenifurahisha, hasa hizo tofaa. Zikiingia mwanzo na boga zinakuwa uji, umezipa muda wake.

Shira inategemea. Kama brashi ilikuwa inatoka kwenye samaki ambaye hajaiva na kurudi humohumo sufuriani, imeshachanganyika na majimaji ya samaki mbichi: itupe, au ichemshe hadi itokote sawasawa uitumie jioni hiyohiyo. Kuanzia sasa, kabla hujapaka, mimina nusu kwenye bakuli jingine kwa ajili ya mpako wa pili, na tumia brashi nyingine au kijiko safi. Ile ambayo haikuguswa inakaa kwenye friji wiki nzima, kwenye chupa yenye kifuniko. Ipashe kidogo kabla ya kutumia.

Samaki aliyeiva aingie friji ndani ya saa mbili tangu atoke motoni, na aliwe ndani ya siku tatu. Kumpasha: oveni nyuzi 135, mfunike kwa foili, nyunyiza kijiko cha maji chini yake, robo saa hivi. Maikrowevu itamkausha na kujaza jikoni harufu. Mimi lakini simpashi. Namchambua akiwa baridi, namchanganya na boga lililobaki, siki kidogo na majani yoyote mabichi yaliyopo, nabeba kazini.

Grili_Juu

Na ngozi usiitupe. Itenge na nyama, ikwangue shira, irudishe chini ya grili dakika mbili kila upande mpaka iwe kavu na kuvunjika. Ivunjie juu ya hicho chakula cha baridi.